Siku Tuliyoacha Kufagia Mwamba

Habari ya ardhi mpya niliipata Mchesi, mtaa wa Lilongwe, mlangoni kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa Bukavu kama mimi. Kila nilipompelekea unga wa mihogo wa kusongea bugali alikuwa na habari ya kunipa, na mara nyingi habari zake za kambini zilikuwa mbichi kuliko zangu mimi niliyetoka huko. Siku hiyo aliniambia, mguu ukiwa bado kwenye pedali, kwamba kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka imeongezewa kipande cha ardhi upande wa mawe, kwamba wapimaji wamekwisha kuja kukitazama, na kwamba shirika moja litajenga humo ukumbi mkubwa wa matofali ya kuchoma.

"Batauweka kwenye mwamba," alisema. "Mwamba batauvunja, kokoto itoke pale pale. Mutakuwa bantu ba mujini sasa."

Alicheka. Mimi nilikuwa nimekumbatia gunia la unga uliotokana na mihogo iliyokaushwa juu ya mwamba huo huo. Aliyeikausha alikuwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, mjane mwenye watoto, na nyumba yake yote ilisimama juu ya unga huo. Mwamba ukivunjwa, sikuona angeianika mihogo yake wapi.

Kwa kawaida nilikuwa nakaa mjini wiki nzima, nikizunguka Mchesi na Area 47 kwa Wakongomani waliouchoka unga wa mahindi. Safari hiyo nilimwachia fundi viroba vya wateja wengine na kugeuza siku ile ile.

Wanaonijua wanajua kwamba kukaa mahali pamoja si kipaji changu. Nilifika Malawi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kijana mwenye diploma ya sekondari iliyokunjwa ndani ya soksi, na tangu hapo nimelala Mtandire nikibeba saruji za watu, nimelinda geti Area 47, nimeuza vitambaa Mchesi, na katikati ya yote hayo nimerudi Dzaleka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila nilipokaa nilipakumbuka nilipotoka. Nikiwa Mtandire niliitamani Dzaleka, nikiwa Dzaleka niliitamani Bukavu, na kusema kweli hata Bukavu, nilipokuwa mvulana, nilikuwa nikisimama juu ya mteremko nikitazama ng'ambo ya ziwa na kutamani kuwa huko. Yaya alikuwa kinyume changu. Yeye alipotua ndoo chini, pale palikuwa nyumbani.

Mwamba wenyewe haukuwa mlima wala jiwe la kupigia picha. Ulikuwa mgongo wa jiwe la kijivu uliolala nyuma ya nyumba za mwisho, umetokeza ardhini kimo cha goti, mpana kiasi cha kutosha harusi mbili kwa pamoja. Wenyeji wa vijiji vya jirani waliuita thanthwe, ambalo ni neno lao la mwamba tu, na hawakuwa na kazi nao. Wanawake wetu ndio walioutambua ulikuwa nini.

Kwetu Kivu bugali isiyo na mihogo ni uji ulioganda. Nsima ya Malawi, ugali wao wa mahindi, tumeila miaka yote hiyo na tumeishukuru. Tumbo linaikubali, ila ulimi unaendelea kuuliza maswali. Kwa hiyo yaya na wenzake walinunua mihogo kwa wakulima wa jirani, au kwenye malori yaliyotoka Nkhotakota upande wa ziwa. Waliimenya, wakailoweka kwenye mapipa mpaka ikalainika na kutoa ile harufu ambayo aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa, kisha wakaimega vipande na kuianika. Kuanika ndiyo kazi kubwa. Ukianika chini, unga unakuwa na mchanga na meno yanalalamika. Ukianika juu ya paa la nyasi, kuku wanapanda. Ukianika juu ya plastiki, jasho linabaki chini na mihogo inaota madoa meusi. Lakini mwamba unachomwa na jua tangu asubuhi, unakausha juu na chini, na upepo wa pale unaipeleka harufu mashambani ambako hakuna mwenye pua.

Kabla hawajaugundua, wanawake walianika vichochoroni kati ya nyumba na nyumba. Kila wiki komite ilikuwa ikisuluhisha ugomvi ule ule: mbuzi wa huyu amekula mihogo ya yule, pipa la yule linanuka mlangoni kwa huyu. Walipohamia mwambani, kesi hizo zilikoma, na kwa kuwa zilikoma, watu wakasahau kwamba ziliwahi kuwapo.

Nilimkuta yaya pale pale mwambani, ameinama, anageuza vipande vyake kwa kiganja kama mtu anayebembeleza. Jirani yake, mama mmoja wa Kirundi, alikuwa upande wa pili na maharage yake. Nilisalimia, nikauliza kama ni kweli. Yaya alisema ni kweli. Nikauliza wapimaji walisema nini walipoiona mihogo imejaa vile.

"Hawakuona mihogo," alisema.

"Waliipita vipi?"

"Tulifanya salongo."

Salongo tunaijua tangu utoto. Ni kazi ya usafi ya pamoja, kila mtu na fagio lake, maduka yamefungwa mpaka njia zing'ae. Tuliibeba kutoka Kongo kama tulivyobeba sufuria, na kambini hakuna serikali iliyotulazimisha. Tuliiitisha wenyewe kila mgeni mkubwa alipotangazwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa komite aliposikia kwamba wapimaji wanakuja kutazama ardhi, aliita salongo, na wanawake wakafanya kama walivyofundishwa na mama zao. Mihogo yote iliingia chini ya vitanda. Mapipa yaliviringishwa hadi nyuma ya ukuta wa shule ili mgeni asikutane na harufu. Kisha waliufagia mwamba, wakaumwagia maji na kuusugua kwa mchanga.

Wapimaji walitembea juu ya jiwe lililosafishwa kama sahani. Waliuliza kama kuna mtu ana shughuli yoyote hapo. Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna, mahali ni pao, wajisikie wamefika.

"Na nyinyi wenye mihogo mulisema nini?" nilimuuliza yaya.

"Sisi? Tulipiga makofi."

Mama wa Kirundi alijifunika mdomo kwa kitenge akacheka, kisha yaya naye akacheka, lakini mkono wake uliendelea kugeuza vipande, na ulikuwa unavigeuza vile alivyokwisha kuvigeuza. Aliniambia wapimaji watarudi baada ya muda mfupi kupigilia vigingi, na kwamba baada ya vigingi watakuja watu wa nyundo.

"Mungesema," nilimwambia.

"Nani atamwambia mugeni toka hapa, hapa njo jikoni yangu? We ungesema?"

Jibu nililijua. Tumelelewa nyumba moja.

Mwenyekiti aliitisha mkutano katika darasa moja la shule, jioni jua likiwa bado lipo. Alikuwa mtu wa Kindu, Mwislamu, mfanyabiashara wa sabuni na mafuta, mwenye kofia isiyokosa kupigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, na alizoea kututania watu wa Bukavu kwamba tunasema kama wanaokimbia mvua, "ndiyo" ikabaki "njo". Sisi tulimwita Prezida. Mimi nilikuwamo kwa kuwa komite ilinitumia kama mkalimani. Chichewa changu nilikiokota Mchesi na Mtandire, na kilitosha kwa wapimaji.

Aliuliza swali zuri. Alisema ukumbi umekwisha kukubaliwa, lakini shirika limetaka kusikia jamii yenyewe inahitaji nini katika ardhi hii, ili mipango mingine ifuate. Nasi tukajibu kama tulivyozoea kujibu. Tulikuwa tumekaa kambini miaka ya kutosha kujua neno gani linafungua mfuko gani. Kijana mmoja alisimama akasema tunahitaji kujengewa uwezo. Mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo mwambani kila kiangazi alisimama akasema tunahitaji uhamasishaji. Akakaa, akapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza huo uhamasishaji utaanikwa wapi.

Nikaomba nafasi. Nilisema kwamba tukiulizwa tunahitaji nini, tunawaza anayeuliza anataka kusikia nini, na hilo si kosa, ni shukrani iliyozidi kipimo. Basi tujiulize kwa njia nyingine: tukiachwa peke yetu huwa tunagombania nini? Nikamgeukia mwenyekiti.

"Prezida, wewe ndiye msuluhishi. Zamani, kabla mama hawa hawajahamia mwambani, ulikuwa unasuluhisha nini?"

Aliwaza kidogo, maana alikuwa mtu wa kweli. "Mbuzi," alisema. "Mbuzi na mapipa."

"Na sasa?"

"Sasa nasuluhisha waume."

Darasa zima lilicheka, na waume wakacheka zaidi. Nikasema basi, mwamba ukivunjwa, mbuzi na mapipa vitarudi kwake, na waume hawatapungua. Nilidhani nimemaliza kazi.

Aliacha kicheko kiishe. Kisha akatukumbusha masika yaliyopita, alipomzika kaka yake. Wote tulikuwapo. Matanga yalikaliwa chini ya plastiki iliyochanika, maji yakiingia mabegani mwa watu, wazee wakiwa wamekaa kwenye matope siku zote za kilio kwa sababu nyumba zetu hazina chumba cha kuwaingiza watu kumi, sembuse watu wa msiba. Alisema aliapa pale pale kwamba hakuna atakayelia tena kwenye mvua akiwa yeye ndiye mwenyekiti.

"Mwenye msiba hawezi kulala juu ya mwamba wako," aliniambia.

Nilikaa chini, kwa kuwa haki ilikuwa yake pia. Lakini hakunyamaza. Aliongeza, kwa sauti ya utani ambao haukuwa utani wote, kwamba inashangaza kusikia mwamba ukitetewa na mtu wa njia, ambaye leo yuko Mchesi, kesho hapa, na hana hata kitanda. Nilimjibu kwamba kitanda ninacho, kipo kwa yaya nyuma ya magunia, na ndiyo maana nataka magunia yaendelee kuwapo.

Hapa lazima niseme pia kwamba mimi nilikuwa na tamaa yangu katika ardhi ile. Kwenye mpango, kando ya barabara, palichorwa mstari wa vibanda vya biashara, na kimoja komite ilikuwa imekwisha kuniahidi tangu niliporudi. Kibanda chenye mlango wa bati na kufuli, mahali pa kuuzia unga bila kuubeba mgongoni. Yaya alikifurahia kuliko mimi. Alishaniuliza mlango utapakwa rangi gani. Kwa miaka mingi alikuwa akiningoja nitue mahali, na kibanda alikiona kama kigingi cha kunifungia, kwa upendo.

Mkutano ulikwisha bila uamuzi, ila tulikubaliana jambo moja, kwamba ukumbi unahitajika na mwamba unahitajika, na kwamba wapimaji walikuwa wameonyeshwa kimoja tu. Nikapendekeza kwamba siku watakayorudi tusifanye salongo mwambani. Tusifagie, tusifiche, mihogo ibaki ilivyo. Mpimaji ana macho, aone mwenyewe.

Mwenyekiti alikataa palepale. Alisema yeye hatapokea wageni katika harufu. Hilo nililitegemea. Sikutegemea kwamba yaya naye angekataa.

Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani na tukaendelea kubishana kesho yake akimenya mihogo. Kwake lilikuwa jambo la malezi. Kumpokea mgeni na nyumba chafu ni kumwambia hukungojewa. Alisema mama yetu angekuwa hai angemkana. Alisema afadhali aukose mwamba kuliko watu waende Lilongwe wakieleza kwamba Wakongomani wa Dzaleka ni bantu ba uchafu. Nilimwambia hawatasema hivyo. Akaniuliza nimejuaje, mimi ambaye kila nikikaribishwa mahali naondoka kabla sahani hazijaoshwa. Nilitoka nikaenda kutembea.

Niliporudi alikuwa amemaliza kumenya na kuosha mikono. Hakunitazama. Aliniuliza kama naikumbuka nyumba yetu ya Bukavu, chumba cha mbele, ambacho mchana kilikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri, na wageni walikuwa wakikikalia kwa sababu viti havikutosha. Nilisema nakumbuka.

"Kama mutoto iko amelala mule ndani ya blanketi," alisema, "na mugeni anataka kukaa pale, mama alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anamwambia kuna mtoto."

"Alikuwa anamwambia. Na mugeni hakukasirika."

"Hata. Alikuwa anasogea."

"Njo vile," alisema, akaenda kumwita mama wa Kirundi. Kuanzia hapo hakuhitaji msaada wangu. Wanawake walikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, kundi zima, na mimi nilibaki nje na viatu vyao. Sikusikia yote. Nilisikia sauti ya yaya ikirudia habari ya kitanda, nikasikia mke wa mwenyekiti akisema jambo lililowafanya wote wacheke, kisha mwenyekiti akatoka mlangoni na kuniambia kwa uchovu:

"Waambie wenzako waache mihogo yao pale pale. Lakini mimi nitavaa kanzu nyeupe, na ikichafuka mtafua nyinyi."

Siku ya vigingi tulifagia kila mahali isipokuwa mwamba. Njia ziling'ara, shule iling'ara, choo cha shule kilipakwa chokaa. Mwambani mihogo ilikuwa imejaa toka ukingo hadi ukingo, nyeupe, imebaki vijia vya mguu mmoja mmoja kati ya mafungu. Upande mmoja palikuwa na maharage, upande mwingine mtama wa familia moja ya Kinyarwanda. Mapipa yalikuwa mahali pake, na yalikuwa yananuka kwa uaminifu. Yaya alivaa kitenge chake cha kanisani na kusimama kando ya mafungu yake, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja kuitwa ubaoni. Sijawahi kumwona ameona haya namna ile, wala amenyooka namna ile.

Mpimaji mkuu alishuka garini na vigingi vyake, akatembea mpaka ukingoni, akasimama. Aliangalia mwamba. Akaangalia karatasi yake, kisha mwamba tena. Mwenyekiti, ndani ya kanzu, alifungua mdomo kuomba radhi, na mimi nikajitayarisha kuitafsiri hiyo radhi.

Mpimaji alichuchumaa, akaokota kipande, akakivunja kwa vidole kusikiliza kinavyolia.

"Kondowole," alisema.

Ndilo jina la bugali ya mihogo kwa watu wa kaskazini kando ya ziwa. Alituambia, na mimi nikawa natafsiri, kwamba kwao Nkhata Bay kila ukoo una miamba yake pwani ya kuanikia, na akitaka kumfurahisha mama yake hampelekei nyama, anampelekea mihogo iliyokauka vizuri. Aliuliza ni ya nani. Yaya akanyoosha mkono. Akamuuliza mbona safari ya kwanza hakuiona.

"Mwambie tulikuwa tunamuheshimu," yaya aliniambia.

Nikamwambia. Alicheka kwa muda mrefu, akasema kwao mgeni akija ni vivyo hivyo, hata yeye akirudi likizo mama yake huanua kila kitu, na anapouliza chakula kiko wapi anaambiwa kimefichwa kwa ajili yake.

Nimesikia watu wakisimulia kwamba mambo yaliishia hapo, kwamba mpimaji alikumbuka mama yake na mwamba ukaokoka. Haikuwa rahisi hivyo. Alipoacha kucheka alifungua karatasi juu ya boneti ya gari akatuita. Alisema mwamba anaweza kuupendekeza ubaki, lakini ukumbi lazima ukae mahali tambarare ambapo maji hayasimami, na katika ardhi yote ile mpya mahali pa namna hiyo ni pawili tu. Pa kwanza ni mwamba. Pa pili ni ule ukanda wa kando ya barabara, uliochorewa vibanda. Akasema ukumbi ukihamia huko utakuwa mdogo kuliko uliochorwa, na vibanda vitabaki vichache sana, vitakavyogawiwa upya kwa kuanzia na wale wasio na mtu wa kuwasaidia. Alitaka jamii imwambie leo, kabla hajapiga kigingi.

Nililazimika kuitafsiri sentensi hiyo yote mpaka mwisho, nikisikia kibanda changu kikitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Watu walianza kunong'ona. Mwenyekiti alikuwa mwepesi kuelewa. Ukumbi mdogo kando ya barabara ulimtosha. Aliapa kwa ajili ya paa, hakuapa kwa ajili ya ukubwa. Aliuangalia mwamba, akaniangalia mimi.

"Na wewe, mtu wa njia? Kibanda chako?"

"Wekeni ukumbi," nilisema.

"Asijibu yeye," yaya alisema. "Kile kibanda kilikuwa cha nyumba yetu, si chake tu."

Aliniita pembeni, karibu na mapipa ambako hakuna aliyetaka kutufuata. Alikuwa ameupigania mwamba kwa wiki nzima, na sasa ulipokuwa mkononi mwake alikuwa ameushika kama kitu cha moto.

"Ukikosa kibanda utaenda," alisema.

"Naenda kila siku, yaya."

"Utaenda kabisa. Mi nakujua. Unarudi hapa sababu iko kintu ya kubeba."

"Na kitu chenyewe kinakauka wapi?"

Aligeuka akaangalia mafungu yake, na mama wa Kirundi aliyekuwa anajifanya kuchambua maharage, na wanawake wengine waliokuwa wanatungoja bila kujifanya.

"Kibanda bila unga ni mlango tu," nilimwambia. "Unipe unga. Njia ninayo."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akanisukuma begani kama alivyokuwa akinisukuma tulipokuwa watoto, kisha akarudi kwa watu. Alimwambia mwenyekiti kwa sauti ya kutosha wote: "Ukumbi ikae barabarani. Mwamba ibaki." Sikuwa na haja ya kutafsiri. Mpimaji alishaanza kubeba vigingi kuelekea barabarani, na mwenyekiti akamfuata akiinua kanzu yake kwa mikono miwili, akikanyaga kwa vidole kati ya mafungu.

Ukumbi ulijengwa, mfupi, wenye madirisha machache, na ya kwanza kukaliwa ndani yake yalikuwa matanga ya mzee mmoja wa Uvira, mvua ikinyesha juu ya bati kiasi cha kuwafanya watu waimbe kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyelowa. Bugali iliyoliwa siku hizo ilitoka mwambani. Vibanda vilivyobaki vilikwenda kwa wajane na kwa kijana mmoja mlemavu anayetengeneza simu, na nisingependa viende kwingine.

Wanawake waligawana mwamba wenyewe, bila komite, kila mmoja na mahali pake, wakaweka sheria kwamba mwenye kufiwa anaanikiwa na jirani. Nilipotembelea miaka iliyofuata nilikuta mke wa mwenyekiti naye akiomba nafasi ya kukaushia samaki, na yaya akimjibu kwa adabu kabisa kwamba samaki wanavuta nzi, aende aongee na mtu wa mtama.

Mimi niliendelea na safari zangu za Mchesi na Area 47. Baadaye nilifika Blantyre, nikafika Mzuzu, nikarudi. Asubuhi moja baada ya ule ukumbi kuezekwa nilikuwa nafunga viatu niondoke, na yaya alikuwa anachagua magunia. Alipita madogo yote akaniburutia kubwa kuliko mengine.

"Hilo ni zito," nilimwambia.

"We si mutu wa njia?" alisema, akalisimamisha ili nipate kuinama chini yake. "Beba. Ukirudi, mihogo mingine itakuwa imekauka."